Chupa Nambari 412

Tatu zimepasuka. Hii ni ya nne,
chupa ya siki, shingo fupi, kioo kinene.
Imelala usiku kucha ndani ya beseni la maji moto na magadi
hadi lebo ikabanduka yenyewe
kama ganda la kidonda kilichopona.

Bytom, chumba cha chini kabisa ya jengo.
Dirisha letu huona viatu tu vya wapita njia
na leo viatu vyote vina theluji.
Baba yuko ng'ambo ya meza, miwani kwenye ncha ya pua.
"Hebu nieleze tena, Otylia. Kinywaji cha nani?"

Namweleza. Ndani ya mchezo kuna jiji lililozama,
na katika kila kituo cha treni pana mashine moja kaidi
isiyojua kuwa maji yamefika shingoni.
Unatumbukiza sarafu, inakohoa, inakutemea chupa,
samawati, inang'aa kama iliyomeza umeme.
Ukinywa, pumzi inajaa tena.
"Na usipokunywa?"
"Unaanza upya kutoka mlangoni."
Baba anachekea puani.
"Raha yenu. Kufa kwa zamu."

Kioo nilikisugua kwa msasa uliolowa,
duara juu ya duara, mpaka kikaota ukungu,
mpaka vidole vyangu nyuma yake vikawa vivuli vya samaki.
Nilianza na maji ya kwinini, yale machungu ya dukani,
ambayo huwaka buluu chini ya taa ya urujuanimno.
Lakini nani atanifuata ukumbini na taa hiyo mkononi?
Nikayamwaga. Nikaenda kwa Norbert
nikanunua taa sita za LED, ndogo kama punje za mtama,
na betri bapa, mfano wa kifungo cha koti.

Hapo ndipo mikono ilipogoma.
Waya mwembamba, risasi inadondokea pasipotakiwa.
Nikaunguza kidole.
Nikaunguza kitambaa cha meza cha marehemu mama,
nikainama kungoja kusemwa.
Baba akanyoosha mkono. "Lete."

Miaka ishirini na sita alikuwa mtu wa chumba cha taa,
kule mgodini, juu; chini aliteremka mara mbili tu.
Asubuhi kugawa, jioni kupokea,
kila taa na nambari yake, kila nambari na ndoano yake.
Ndoano tupu baada ya zamu
lilikuwa swali ambalo mtu haulizi kwa sauti.

Analehemu kama anayekoroga chai.
Taa ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu inakataa, anaipuliza,
anaitukana kwa lahaja ya kwao, inakubali.
Kisha anachukua sindano ya chuma
na kuchora kitakoni mwa chupa, bila kuniuliza: 412.

Nilijiandaa kwa msiba. Uso nilishautengeneza.
"Nani huyo, baba?"
"Ewald. Msahaulifu asiye na dawa.
Siku moja akaondoka na taa yake kiunoni, akaenda kulala.
Sisi tukapiga king'ora, tukawaamsha waokoaji,
tukambishia mkewe tukiwa tumevua kofia.
Akatufungulia na mwiko mkononi:
yumo ndani, anakoroma,
taa inawaka chini ya kitanda."
Akacheka hadi akakohoa.
Nikacheka nami, ila kofia zile zilizovuliwa
zikanibaki kichwani.

Tukazima taa ya jikoni.
Chupa ikasimama peke yake kati ya makombo ya mkate,
na uso wa baba ukawa samawati, mdogo, kama wa kijana
anayesubiri kuitwa jina.
"Itawaka muda gani?"
"Saa nane."
"Zamu nzima," akasema, akaridhika.

Asubuhi nimekuta waya umesokotwa shingoni mwake, kitanzi safi,
na msumari mpya ukutani, karibu na mlango, juu ya makoti.
Hakusema ni wa nini.
Jumamosi nitachelewa kurudi, tamasha huisha usiku.
Namjua. Atasema alikuwa akisoma gazeti.