Ndege Isiyopakwa Rangi

Nimepaka tabaka saba
ili ionekane haijapakwa kitu.

Meza ni ya jikoni. Moravia, Februari,
theluji imelala kwenye kingo za dirisha
na ndege yenyewe yaenea kiganjani,
moja kwa sabini na mbili,
bawa fupi kuliko kidole changu cha kati.
Bořivoj aliinunua, akaiweka juu ya kabati
chini ya kofia zake za baridi.
"Kesho," alisema. Alisema kesho miaka sita,
kisha kesho ikaja bila yeye.

Kwanza msasa. Namba elfu mbili, elfu nne,
elfu kumi na mbili: huo si msasa tena,
ni kitambaa kinachokumbuka kuwa msasa.
Sugua ndani ya maji, sugua,
kwani fedha haina siri.
Kijani humsitiri mwenye haraka,
fedha humtangaza.
Mkwaruzo usiouona leo
utauona kesho, mrefu kama barabara ya kwenda Brno.

Kisha weusi.
Hapo ndipo jirani yangu Květa aliposhika kichwa:
"Umeiharibu! Umeipaka masizi!"
Nikamwambia ngoja.
Weusi wa kiatu cha gwaride ndio msingi;
mng'ao wa juu hukopa kutoka chini.
Niliifunika kwa bakuli siku mbili, vumbi lisitue.
Ukatua unywele mmoja wa paka.
Nikaanza upya.

Siku ya tano, bomba la kupulizia,
pumzi ndogo, ndogo kabisa,
kama unayepoza uji wa mtoto.
Usipake. Pita tu.
Pita, ondoka. Pita, ondoka.
Weusi ukawa kijivu, kijivu kikawa maji,
na ghafla nilikuwa na chuma mkononi
chenye uzito wa plastiki.

Ningeweza kuishia hapo. Wanaume wa chama huishia hapo,
ndege zao zang'aa kama vijiko vya harusi.
Lakini mimi nilikuwa karakana namba tatu,
miaka kumi na moja, ndoo ya mafuta ya taa na matambara,
nikiosha ngozi za ndege zenyewe kabla hazijaruka.
Nazijua. Hakuna vipande viwili vilivyofanana:
hiki kimekatwa bati jingine, kile kimegeuzwa ubavu,
na pale nyuma, karibu na koo la moto,
alumini huiva rangi ya kitunguu kikaangoni,
halafu buluu kidogo,
buluu ya jicho lililopigwa ngumi.
Basi nikabandika utepe, nikapulizia kipande kipande,
nikasugua unga wa penseli kwa ncha ya glavu,
na mwisho, Mungu anisamehe, nikaifubaza.
Maana kitu kikiwa kidogo hivi, kiko mbali,
na mng'ao wa mbali hufika umechoka.

Maonyesho yalikuwa ukumbi wa zimamoto.
Bwana Kratina, mwamuzi, tochi mkononi,
aliinama hadi miwani ikakaribia bawa.
"Mama, imefifia. Alumini huwaka."
Nikamwuliza aliishika lini mara ya mwisho.
Akafikiri.
"Kwenye picha," akasema,
na, niseme haki, akaona haya.
Kikombe hawakunipa. Walinipa cheti cha kushiriki
na soseji mbili.

Nimeirudisha nyumbani ndani ya boksi la viatu.
Leo, kwenye mwanga wa dirisha, nimeona tumboni mwake
alama ya dole gumba, mistari yote,
pale nilipovua glavu kujibu simu.
Kitambaa na tone la spiriti, ingetoka.
Karakana tulikatwa mshahara kwa alama kama hiyo.
Nimeitazama hadi birika likalia.

Iko juu ya kabati sasa.
Kofia nimezihamisha.