Dirisha Namba Tatu

Nyawera, saa nne, mvua imekatika.
Mbele yangu mama anahesabu franka zake mara ya tatu,
nyuma yangu mtu anakohoa.
Nimeshika kadi ya uchaguzi iliyochakaa pembeni
na namba ya siri aliyonitumia kaka kutoka Muskati:
dola mia na ishirini, za dawa ya mama.

Nsimire, binti wa jirani zetu wa Kadutu,
aliyekula pilau ya Idi jikoni kwetu
mpaka usingizi ukamchukua juu ya mkeka,
anaandika jina langu herufi kwa herufi.
Sumaili. Bin. Amisi.
Anangoja.
"Mashine imekataa, papa Sumaili."
Anaandika tena, polepole, kama anayeibembeleza.
"Wanasema jina liko kwenye orodha."

Orodha ya nani?
Jina hili alinipa babu, seremala wa Kasongo,
aliyechonga mlango wa msikiti
na vitanda vya mapadri,
akidai bei moja kwa wote.
Labda yuko Sumaili mwingine, kwenye nchi ya mchanga,
amejificha, au amekwisha kufa,
nami huku kwenye matope nalipa deni lake.
Nsimire hanitazami. Anapanga kalamu zisizohitaji kupangwa.

Wiki ya pili nikaitwa hotelini, kando ya ziwa.
Semina ya siku mbili: kuzuia itikadi kali.
Mgeni kijana, mpole, shati limelowa jasho,
akauliza kupitia mkalimani:
vijana wenu wa msikitini wanawaza nini?
Nikasema: kodi ya nyumba.
Akaandika mistari minne. Jibu langu lilikuwa maneno matatu.

Nilitaka kumweleza habari za shemeji Yakubu,
mchuuzi wa vitenge, aliyekatwa mapanga njia ya Beni
na watu waliolitaja jina la Mungu
lilelile alilokuwa akilitaja yeye.
Tulimswalia bila jeneza.
Yeye yuko kwenye orodha ipi?
Lakini chai ililetwa, na baada ya chai
ikawa zamu ya picha ya pamoja.

Jioni wakagawa nauli, dola ishirini na tano.
"Tunalipa kwa simu," akasema karani,
akabonyeza, akakunja uso, akabonyeza tena.
"Wewe, mzee, pokea mkononi. Tia saini hapa."
Nikatia saini.
Na kifuani nilikuwa nimening'iniza jina langu zima,
limechapwa kwa wino mzito
chini ya bendera yao.

Nikapanda Kadutu kwa miguu, nimesahau kulivua.
Mtoto wa Nsimire, ndiyo kwanza anajua kusoma,
akanisimamisha kwenye ngazi, akaweka kidole:
Su-ma-i-li. Bin. A-mi-si.
Hakukwama popote.

Mama akauliza kutoka ndani: umeipata?
Nikajibu: ya wiki moja.