Rangi ya Nchi Isiyo Yangu

Alikuja asubuhi, Mama Kapya Numbi,
muuza saruji wa njia ya Kasumbalesa,
na safari hii hakutaka niandike BEI NAFUU.
Amekuwa konsuli wa heshima, akasema,
wa nchi moja ya visiwa huko mbali
ambayo yeye mwenyewe hajafika. Viza bado inashughulikiwa.

Sitaitaja hiyo nchi.
Nililipwa kuiandika, si kuitaja.

Akafungua kitabu chenye jalada gumu:
kurasa arobaini za jinsi ya kuandika jina moja.
Herufi na herufi ziachane upana wa dole gumba.
Ndege asitazame kushoto. Kushoto ni jana, kimesema kitabu.
Na bluu, fundi, si hiyo bluu yako ya saluni,
ni bluu hii, yenye namba.

Nikacheka. Miaka ishirini na sita nachora
kuku wa malewa, vichwa vya vinyozi,
ng'ombe wa bucha anayetabasamu kama hajui,
na hakuna kuku aliyewahi kuniletea masharti.

Nchi nzima, Mama aliniambia, watu wake
hawaijazi Katuba. Hawana dhahabu, hawana jeshi la kutajika,
wana chumvi, na mvua, na ndege mwenye koo jekundu,
na ofisi moja ya wasichana wanane
ambao kazi yao ni kuhakikisha
kwamba wewe hapo, Kisimba, siku moja
ukilisikia jina lao usiulize, "Ni ugonjwa gani huo?"

Siku nne juu ya ngazi. Mwanangu Monga ananishikia kopo.
Chini yetu malori yanapita, moja nyuma ya jingine,
shaba imepangwa bamba juu ya bamba, imefungwa mikanda,
na juu ya kila fungu namba, uzito, tarehe.
Nilitafuta jina. Nina jicho la herufi, ndiyo kazi yangu.
Sikuona jina.

Kuna nyumba ngapi duniani zimewasha taa usiku huu
kwa waya uliotoka chini ya nyayo zetu?
Wanabonyeza swichi. Hawasemi asante Lubumbashi.
Waya hausomeki.

Madereva wanapunguza mwendo. "Ee fundi, ndege gani huyo?"
Nami, mpumbavu, najibu kama balozi:
ni wa kule, huimba kabla ya mvua.
Nani kaniambia? Kitabu, ukurasa wa kumi na tisa.
Watoto wakaanza kuchora koo jekundu kwa vumbi la matofali.
Jina la visiwa likaingia katika mchezo wao wa kuruka kamba,
na naapa, hakuna bunduki ambayo ingeweza kuliingiza hapo.

Siku ya tano kopo lilibaki na bluu kidogo, ile ya namba.
Nikashuka hadi kona ya chini, magugu yanapofika,
nikaandika, si kwa ukubwa, upana wa kiganja tu:
KISIMBA, KATUBA.
Bila kitabu. Herufi zikasongamana kama watu wa kwetu.

Wiki mbili. Mama Numbi akanipigia simu,
sauti yake kati ya hasira na kicheko.
Wale wasichana wanane walipelekewa picha,
wakaikuza, wakaikuza, mpaka kwenye magugu.
Wanauliza, akasema, Katuba ni nchi gani,
na bluu yake, mbona inafanana na yetu?

Nilikuwa na tonge la bukari mdomoni.
Nikatafuna polepole, kama mtu mwenye serikali.
Nje lori lilikuwa linapita. Monga akahesabu: la thelathini leo.

Waambie, nikasema, ni kubwa kuliko yao.
Waambie kitabu chake hakijaandikwa,
na ndege,
bado tunabishana ni yupi.