Nukta ya Pili

Bogumiła kaniletea picha: ukuta wa Łódź,
rangi imebambuka,
"Guziki", neno la duka la vifungo.
"Ni chapa gani hii?
Nataka herufi zilezile kwenye jiwe la mama."

Nikashika lenzi.
G ina kidevu kilichochongoka,
k imetanguliza mguu kama anayevuka dimbwi,
z, sijui niseme nini, z ina maringo.
Nikapekua vitabu vya chapa, vitatu,
chai ikaota utando.

Hamna.

Ndipo nikazitazama i zote mbili.
Herufi za chapa huzaliwa pacha;
hizi ni ndugu tu:
nukta ya pili imeteleza kushoto.

Si chapa, Bogumiła. Ni mkono.

Akanyamaza.
"Baba ndiye aliyepanda," akasema.
"Mama chini kashika ngazi,
anamchekesha."