Gusa Hapa

Kule juu mwambani kibao cha bati kinasema USIGUSE,
na chini yake mtu kachora ng'ombe kwa mkaa.
Huku chini, ofisini Kolo, kwenye kioo,
nimeandika mimi mwenyewe kwa herufi za njano:
GUSA HAPA.

Slaidi kumi na nne. Nilizipanga wiki nzima,
umeme ukiwaka nasukuma, ukikatika nangoja.
Watu wembamba wenye vichwa kama vichaka,
twiga asiye na miguu kwa kuwa mvua ilimfikia,
kila mmoja nikamfunga kamba isiyoonekana:
ukimgusa pofu anakupeleka kwa wawindaji,
ukigusa mshale unarudi ulikotoka.
Nikaliweka onyesho katika hali ya kioski, lijizungushe,
mgeni akinyamaza sekunde sitini
lirudi mwanzo lenyewe
kama vile hakuna aliyepita.

Siku ya kuzindua walikuja wanafunzi wa Pahi,
vidole vimenata miwa.
Walimkamata twiga shingoni, wakamtanua
ili akue. Hakukua. Sikumfundisha hivyo.
Binti mmoja, Zamda, akagundua
slaidi ya tisa haina mlango wa kutokea;
nilisahau kuunganisha mshale.
"Mwalimu, tumenaswa humu na tembo!"
Wakacheka, nami nikacheka,
jasho likinitiririka kwapani.

Halafu fundi Isuja.
Ndiye aliyejenga kizimba cha saruji
kilichobeba kioo; anadai bado elfu arobaini.
Akanyoosha kidole, akagusa. Kimya.
Akagusa tena kwa adabu, kama abishaye hodi ukweni.
Kimya.
Miaka thelathini ya saruji imemla ncha za vidole.
Hata NIDA walimrudisha mara mbili,
mashine ikishikilia kwamba mtu huyu hana alama.
"Lamba kidole, babu," Zamda akamwambia,
naye hajafika hata hamsini na tano.
Akalamba.
Kioo kikampa slaidi ya nne:
watu wekundu, warefu, wameshikana mikono.
Akawatazama kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwenzake.
"Hawa walipaka kwa kidole au kwa unyoya?"
Slaidi yangu haikuwa na jibu.
Ilikuwa na maneno "maelfu ya miaka"
na kivuli cha kupendeza nyuma ya herufi.

Jioni Mama Monko anafuta kioo kwa pindo la kanga.
Vidole vya kutwa vimekauka pale, vyekundu,
udongo wa Kondoa haumwachi mtu.
Kila anapopitisha kitambaa slaidi zinakurupuka:
tembo, pofu, karibu, tembo,
ahsante kwa kututembelea, karibu.
Namwambia, zima kwanza.
"Waache wacheze," anasema, "kutwa wamesimama."

Nami huwa nawaza, nikifunga madirisha:
kuna mlinzi analipwa asiruhusu alama za vidole kufutika kule juu,
na kuna Mama Monko, analipwa azifute hizi.
Nimesogeza uso karibu kabisa na kioo.
Wekundu ni uleule.

Jana usiku nilirudi kurekebisha slaidi ya tisa.
Nikapiga magoti kutafuta soketi nyuma ya kizimba,
na tochi ya simu ikakiangukia kiganja
kilichozama kwenye saruji tangu ingali mbichi,
kidole gumba kimepinda.
Nikauweka mkono wangu humo. Ulipwaya.
Nikabonyeza kidogo, sijui kwa nini.
Hakuna kilichofunguka.

Nikauunganisha mshale, nikahifadhi, nikakaa sakafuni.
Sekunde sitini zikapita sijagusa kitu,
na kioo kikaniambia KARIBU
kama mgeni.

Kesho nimkumbushe mhasibu: elfu arobaini, Isuja.
Asipoweza kusaini fomu kwa dole gumba,
tutafute njia nyingine.