Mita Mia Nane

Mthamini alikuja Jumanne, akisukuma gurudumu la kupimia.
Akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: KTB 47.
Rangi ikachuruzika hadi dirishani.
"Mama, usiifute," akasema.
Niifute ya nini? Ukuta umeshakuwa wao.

Akahesabu michikichi: thelathini na mmoja.
Nikamwambia ule wa pembeni, uliopinda, unazaa kuliko yote.
Akasema kwenye fomu mchikichi ni mchikichi.
Jiko la nje, moja. Choo, kimoja.
Makaburi, mawili.
Hapo akainua kalamu,
akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

Tulikwisha kuelezwa mkutanoni Katubuka, chini ya turubai,
na kijana mwenye spika: Dar imejaa.
Ndege zinasubiriana angani kama watu wa bombani,
kila moja na ndoo yake.
Basi Kigoma irefushwe, Tabora irefushwe,
mzigo ugawanywe.
Mzee Bukuru akauliza,
"Ijae Dar, imwagikie kwetu?"
Watu wakacheka.
Mimi sikucheka, maana foleni hiyo niliwahi kuipanga.

Mwaka ule nampeleka Yovitha Muhimbili, jicho,
na boksi la migebuka kwenye mizigo, la kumshukuru shemeji.
Tukafika juu ya Dar, tukaiona bahari, tukaziona barabara,
tukauzunguka mji. Tukauzunguka tena,
bawa limelala upande
kama mwewe aliyekuta vifaranga wameshaingia ndani.
Dakika arobaini.
Yovitha, bandeji jichoni, akaninong'oneza:
"Shangazi, wamepoteza ufunguo?"
Boksi lilipofika nyumbani
shemeji alishukuru, kisha akafungua madirisha yote.

Kwa hiyo hilo nalijua.
Na najua la pili, ambalo mwenye spika hakulitaja.
Kiwanja chetu hakina taa.
Jua likizama nyuma ya milima ya Kongo
anga ya Kigoma hufungwa, kama duka.
Ntahondi alianguka saa moja usiku.
Daktari akapiga simu: ndege ipo, rubani yupo,
kinachokosekana ni alfajiri.
Tukaingoja.
Naye akaingoja, mkono wake ndani ya wangu,
saa nane, saa tisa,
saa kumi vidole bado vinajibu.
Ndege ilitua asubuhi, salama kabisa,
ikakuta kitanda kimeshatandikwa.

Kaburi la pili ni lake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nimeusema msemo huu umri wangu wote bila kuusikiliza.
Mgeni huyu anakuja na mita mia nane za lami,
na anataka kulala pale pale
mwenyeji alipolazwa.

Mthamini alisubiri. Kifuniko cha kalamu yake kilikuwa kimetafunwa.
Akasema kuna fungu la kuhamishia, kuna mbao, kuna padri.
Nikamuuliza: kwenye ramani yenu, hapa pangu panakuwa nini?
Akaigeuza karatasi, akaigeuza tena.
"Mwisho wa njia ya kurukia.
Hapa jikoni, mama, hapa... itakaa taa."

"Ya rangi gani?"

Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza.
"Kijani, kwa anayekuja kutoka juu.
Nyekundu, kwa anayeondoka."

Nikayatazama mafiga yangu, majivu ya jana bado yamo.
Kijani kwa anayekuja.
Nikaichukua ile kalamu, nikatia sahihi,
mkono haukutetemeka, au ulitetemeka kidogo,
halafu nikamrudisha hadi kwenye mchikichi wa pembeni,
nikamwambia haondoki mpaka auandike peke yake, mstari wake.

Akaandika: *Mchikichi, mmoja, umepinda, unazaa sana.*
Bei ikabaki ileile.