Chetezo Kitupu

Mama alikuwa akipika udi kwa pua.
Kijiko kilikuwa cha kukorogea tu,
saa ya ukutani ilikuwa ya wageni.
Sukari ikikaribia kuungua, kabla haijageuka rangi,
pua ilimsimama. Ndivyo alivyosema: imesimama.
Hapo hapo mkono ukamimina marashi ya Jabal Akhdhar.
Hakukosea. Maharusi wa Mabela yote
walikwenda kwa waume zao
na moshi wa Bi Thuwaiba kwenye nywele.

Mwaka wa kwanza hatukujua kuwa ni mwaka wa kwanza.
Alisema, "Vitunguu vya siku hizi havina kitu."
Tukambadili muuza mboga.
Alisema zafarani ni ya kughushi.
Kaka yangu Mhenna akaenda Sib kumgombeza mwenye duka,
maskini wa Mungu, mpaka akatoa riali tano.
(Tuna deni la kwenda kumwomba radhi.
Hatujaenda.)

Kisha chumvi kwenye chai.
Kisha sukari juu ya samaki wa kuchoma,
kijiko, na kijiko, na kingine:
"Kwani nyinyi mnakulaje hivi vitu vya maji?"
Kisha adhuhuri moja ya mwezi wa saba,
madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma,
natoka kazini, nafungua mlango,
moshi mweusi umeshafika sebuleni,
na yeye kasimama juu ya sufuria anakoroga lami,
machozi yanamchuruzika, anatabasamu,
ananiambia, "Bado kidogo."

Daktari wa Khodh alitoa vichupa.
Mama akanusa kahawa. "Maji."
Akanusa karafuu. "Maji."
Karafuu, mama! Wewe mtoto wa Wete,
uliyelazwa mchanga pembeni ya majamvi ya kuanikia,
ukakohoa karafuu kabla hujajua kusema.
"Maji," akarudia, kwa adabu kabisa,
kama mgeni anayekataa kuongezwa wali.
Daktari akaandika. Akasema kwa wengine
pua hutangulia kuondoka,
majina ya watoto hufuata nyuma.
Mhenna alitazama viatu vyake.

Nami nikafanya jambo la aibu.
Alhamisi moja baada ya Isha
nilichukua chetezo kisicho na kaa,
kisicho na udi, kimeoshwa, kikavu,
nikampelekea kwa mikono miwili kama siku zote.
Nilitaka kujua. Kujua nini, sijui.
Akainua ukingo wa dira, akakipitisha chini,
akafumba macho, akauvuta moshi kwa kiganja
mara tatu,
akainamisha kichwa ili nywele zipate haki yake.
Hakuna kilichopanda. Chuma tu, na sisi wawili.
Akanirudishia.
"Sukari umeikosea," akasema.
"Imezidi. Lakini utajua."

Nilikwenda jikoni nikakiosha tena
chetezo kilichokuwa safi.

Mhenna anasema mtu mzima hachezewi.
Kweli.
Ila kila Alhamisi ananyoosha mkono mwenyewe,
namletea kitupu, naye ananisahihisha:
wiki ile ambari ilikuwa chache,
wiki hii marashi yametangulia moto.
Naandika yote nyuma ya bili za umeme.
Jina langu limempotea tangu Rajabu.
Ananiita "wewe mwanafunzi."

Nimenunua sufuria mpya.
Sukari ya kwanza imeungua.
Ya pili imeungua.
Hii ni ya tatu, moto mdogo, kijiko mkononi,
sipepesi, sipumui kwa mdomo,
nangoja pua inisimame.